Mahali na Namba: Historia ya Bapa la Majira na Suala la Kitovu

Utangulizi

Kila aliyepita darasa la hisabati amewahi kuchora mistari miwili inayokatana kwa pembe mraba, mmoja umelala na mwingine umesimama, akaandika herufi x na y kwenye ncha zake, kisha akatakiwa kuonesha nukta (3, 4). Kazi hiyo ni nyepesi kiasi kwamba ni nadra mwanafunzi kujiuliza imetoka wapi. Hata hivyo, jozi ya namba haisemi kitu peke yake. Kabla ya (3, 4) kuwa na maana, hapana budi mambo matatu yawe yamekubaliwa: kitovu, yaani nukta ambapo mihimili miwili hukutana, uelekeo wa kila mhimili, na kipimo cha kuhesabia. Mambo hayo matatu hayatoki kwenye nukta. Hutoka kwa mtu anayepima.

Mhadhara huu unafuatilia historia ya wazo hilo kuanzia ramani za kale hadi fizikia ya karne ya 20. Hoja yake ni kwamba bapa la majira halikuokotwa likiwa tayari. Lilitandazwa na watu, na kila aliyelitandaza alichagua mahali pa kuanzia. Kwa hiyo, swali zito katika historia hii si nani alikuwa wa kwanza kuchora mihimili miwili, bali ni lini na kwa njia gani wanazuoni walijifunza kutenganisha kile kinachotokana na uchaguzi wa mpimaji na kile ambacho hubaki vilevile hata mpimaji akihamisha kitovu. Swali hilo limewahi kugharimu maisha ya watu Afrika Mashariki, na lina neno la kuwaambia wataalamu wa lugha pia.

Majira, ramani na mhimili

Katika hisabati ya shule za msingi nchini Tanzania, jozi kama (3, 4) huitwa majira ya nukta. Neno majira lina maana mbili katika Kiswahili. Maana ya kwanza ni wakati au msimu, kama katika majira ya masika au majira ya kusi. Maana ya pili, ambayo imehifadhiwa katika kamusi za zamani na katika lugha ya mabaharia, ni njia inayofuatwa na chombo baharini. Kwa Kiarabu majra ni mkondo au mahali pa kupitia, na shina lake ni lile lile lililozaa kitenzi jiri, kinachosikika kila siku katika msemo yaliyojiri. Hivyo basi, mtoto anayetaja majira ya nukta anatumia neno ambalo lilikwisha kubeba safari na wakati kabla halijapewa kazi ya jometri.

Neno ramani nalo lina historia ya aina hiyo. Asili yake ni Kiajemi, ambako rahnama ilikuwa kitabu cha kuonesha njia. Mabaharia wa Kiarabu walikiita rahmani kile kitabu cha rubani chenye orodha ya bandari, nyota na umbali. Kitabu hicho kilikuwa cha maneno na namba, na Waswahili wakalichukua jina lake kuitia karatasi iliyochorwa. Mhimili, kwa upande wake, ni boriti au nguzo inayobeba uzito wa jengo, kutokana na kitenzi himili. Istilahi hizi tatu zimetoka baharini na kwenye ujenzi wa nyumba. Kama itakavyoonekana hapa chini, istilahi za Kilatini zilizotumiwa na wanahisabati wa Ulaya hazikuwa na chimbuko la kifahari kupita hilo.

Kutoka Alexandria hadi Bahari ya Hindi

Matumizi ya kale kabisa ya jozi za namba kwa ajili ya kuonesha mahali yalihusu anga na ardhi. Takribani mwaka 150 BK, mwanazuoni Ptolemy wa Alexandria, Misri, aliandika kitabu cha jiografia chenye orodha ya mahali kama 8,000, kila pamoja na latitudo yake na longitudo yake. Nia yake ilikuwa kwamba mtu asiyewahi kuiona ramani yake aweze kuichora upya kutokana na namba tu. Hilo lilikuwa wazo kubwa, kwani picha huharibika kila inaponakiliwa, ilhali namba ikinakiliwa kwa uangalifu hubaki ilivyo.

Kwa latitudo, Ptolemy alipata msaada wa maumbile. Dunia huzunguka, na mzunguko huo huipa ncha mbili na mstari wa ikweta ulio katikati yake. Kwa longitudo maumbile hayatoi chochote. Hakuna mstari wa kaskazini hadi kusini ulio na haki kuliko mwingine. Ptolemy alianzia visiwa vya magharibi kabisa vilivyojulikana wakati wake, ambavyo kwa kawaida huhusishwa na visiwa vya Canary, ili namba zote zihesabiwe kuelekea upande mmoja.

Katika orodha yake imo Rhapta, mji wa biashara wa pwani ya Afrika Mashariki, aliouweka takribani digrii 7 kusini mwa ikweta. Kwa kuitazama namba hiyo mtu angedhani kwamba kuupata mji huo ni kazi ya alasiri moja. Lakini wanaakiolojia hawajakubaliana hadi leo Rhapta ilikuwa wapi. Sababu moja ni kwamba nyingi ya namba za Ptolemy zilitokana na masimulizi ya wafanyabiashara kuhusu siku za safari, si na vipimo vya nyota. Sababu nyingine ni kwamba aliikadiria dunia kuwa ndogo kuliko ilivyo, na kosa hilo likaingia katika kila hesabu iliyofuata. Namba inaweza kuandikwa kwa uwazi kamili na bado ikarithi udhaifu wote wa habari iliyoizaa.

Wanazuoni wa ulimwengu wa Kiislamu walizisahihisha nyingi ya namba hizo. Al-Biruni, katika kitabu alichokimaliza mwaka 1025 kuhusu kubainisha mahali pa miji, alifanya hesabu ndefu ili kupata longitudo na latitudo ya Ghazna, katika Afghanistan ya leo, na kutokana nayo uelekeo wa kibla. Hapa jozi ya namba ilikuwa na uzito wa ibada: bila kujua mji uko wapi kuhusiana na Makka, haikuwezekana kukokotoa kwa usahihi upande wa kuelekea.

Baharini mambo yalikuwa tofauti. Ahmad ibn Majid, baharia mzaliwa wa Julfar katika Ghuba, alikamilisha kitabu chake kikuu cha elimu ya bahari takribani mwaka 1490, na miongoni mwa maandishi yake limo shairi linaloeleza njia ya kwenda Sofala. Mabaharia wa wakati wake walipima kimo cha nyota kwa kamali, kibao kidogo chenye uzi wa mafundo. Kipimo chao kilikuwa kidole, na duara lote lilihesabiwa kuwa vidole 224, yaani kila kidole ni digrii 1 na zaidi ya nusu. Kaskazini mwa ikweta walipima kimo cha nyota ya kaskazini. Kusini, ambako nyota hiyo huzama chini ya upeo wa macho, walitumia nyota nyingine za kaskazini zilizoendelea kuonekana juu zaidi. Pamoja na kimo cha nyota walishika uelekeo katika dira ya sehemu 32 zilizopewa majina ya mawio na machweo ya nyota. Kwa hiyo rubani alijua mahali alipo kwa namba moja aliyoisoma mbinguni na kwa majira aliyoyafuata. Longitudo hakuipima, na katika bahari ambayo pepo za kusi na kaskazi huja kwa msimu, aliweza kufanya kazi yake bila hiyo.

Masimulizi yanayopendwa sana husema kwamba Ibn Majid ndiye aliyemwongoza Vasco da Gama kutoka Malindi hadi India mwaka 1498. Wanahistoria wa leo wengi hawayakubali. Vyanzo vya Kireno humtaja rubani huyo kuwa mtu wa Gujarati na humwita Malemo, neno litokanalo na Kiarabu muallim, ambalo ndilo asili ya mwalimu. Katika Bahari ya Hindi cheo hicho alipewa mjuzi wa kuongoza chombo.

Wakati juu ya karatasi

Hadi hapo jozi ya namba ilikuwa anwani ya mahali. Hatua iliyofuata ilikuwa kuitumia kwa kitu ambacho si mahali. Katika miaka ya 1350, Nicole Oresme, mwanazuoni wa Paris ambaye baadaye alikuwa askofu wa Lisieux, aliandika risala kuhusu sifa za vitu na mwendo. Alichora mstari mlalo kuwakilisha muda, na juu ya kila nukta ya mstari huo akasimamisha mstari wa wima kuwakilisha ukubwa wa mwendo katika dakika hiyo. Ule wa kwanza aliuita longitudo na ule wa pili latitudo. Maneno ya ramani yalihamishiwa mahali ambapo hapakuwa na ardhi wala bahari.

Faida yake ilionekana mara moja. Tuseme kitu kinaanza kutoka tuli na mwendo wake unaongezeka kwa kiasi sawa hadi kufikia mita 10 kwa sekunde, katika muda wa sekunde 6. Mchoro wake ni pembetatu yenye kitako 6 na kimo 10, na eneo lake ni 30. Mstatili wenye kitako 6 na kimo 5 una eneo hilo hilo. Maana yake ni kwamba kitu hicho kimekwenda mita 30, sawasawa na kile ambacho kingekwenda kwa mwendo wa mita 5 kwa sekunde muda wote. Kauli hiyo ilikuwa imekwisha kujulikana Oxford kwa njia ya hoja za maneno. Oresme aliifanya ionekane kwa macho. Galileo aliitumia kauli hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1638 alipoeleza mwendo wa vitu vinavyoanguka.

Umuhimu wa hatua hii haupo katika ufundi wa kuchora tu. Muda hauna umbo, wala hauwezi kuwekwa mezani. Oresme aliupa urefu kwenye karatasi, na tangu hapo badiliko likawa na sura. Grafu ya bei, ya mvua au ya joto la mgonjwa, inayochorwa leo katika kila ofisi, ni mtoto wa wazo hilo.

Descartes na Fermat

Bapa la majira limepewa jina la René Descartes katika lugha nyingi za Ulaya. Kuna hadithi isemayo kwamba alilibuni akiwa kitandani, akimtazama inzi akitembea darini na kufikiri namna ya kueleza mahali alipo kwa umbali kutoka kuta mbili. Hadithi hiyo haina ushahidi wowote katika maandishi yake. Tena, mtu akikifungua kitabu chake cha jometri, kilichochapishwa Leiden mwaka 1637 kama nyongeza ya risala yake juu ya njia ya kufikiri, hatakuta bapa lenye mihimili miwili inayokatana kwa pembe mraba. Descartes alitumia mstari mmoja wa kurejelea, na mistari mingine aliipima kwa pembe yoyote iliyofaa tatizo alilokuwa nalo. Namba hasi hakuzitumia kama majira.

Alichokifanya kilikuwa kizito zaidi ya kuchora mihimili. Kabla yake, kuzidisha urefu kwa urefu kulitoa eneo, na kuzidisha mara tatu kulitoa mjao. Kuzidisha mara nne hakukuwa na maana katika jometri. Descartes alichagua urefu mmoja uwe kipimo, na kwa kutumia pembetatu zinazofanana akaonesha kwamba urefu ukizidishwa kwa urefu unaweza kutoa urefu mwingine. Kizuizi hicho kilipoondoka, mlinganyo wowote wa aljebra uliweza kusomwa kama maelezo ya mstari, na mistari mingi iliyopinda iliweza kuandikwa kama mlinganyo. Duara lenye kitovu katika makutano ya mihimili na nusu kipenyo 5 ni kauli fupi tu: mraba wa x ukijumlishwa na mraba wa y hutoa 25. Kuuliza kama nukta (3, 4) imo katika duara hilo si kazi ya bikari tena. 9 na 16 ni 25, basi imo.

Katika miaka hiyo hiyo Pierre de Fermat, mwanasheria wa Toulouse, aliandika risala fupi iliyofikia wazo lile lile kwa njia yake. Fermat alianza na mlinganyo akatafuta mstari wake; Descartes mara nyingi alianza na mstari akatafuta mlinganyo. Risala ya Fermat ilisomwa kwa mkono na wachache, ikachapishwa mwaka 1679, miaka 14 baada ya kifo chake. Nyuma yao wote wawili alikuwapo Apollonius wa Perga, aliyeandika takribani mwaka 200 KK juu ya mikato ya koni, na Omar Khayyam, aliyetatua milinganyo ya kipeo cha tatu kwa kukatanisha mistari ya namna hiyo.

Bapa ambalo mwanafunzi wa leo analifahamu lilikamilishwa na waliofuata. Frans van Schooten alikitafsiri kitabu cha Descartes kwa Kilatini mwaka 1649 na kukipa maelezo marefu, na tafsiri hiyo ndiyo iliyosomwa Ulaya nzima. Isaac Newton, katika uchunguzi wake wa mistari ya kipeo cha tatu uliochapishwa mwaka 1704, alitumia mihimili miwili na namba hasi katika robo zote nne. Gottfried Leibniz alitoa majina. Kwa Kilatini, abscissa ni kilichokatwa, ordinata ni iliyopangwa, na coordinatae ni zilizopangwa pamoja. Ni maneno ya seremala na ya mpanga safu, yaliyopewa kazi mpya.

Je, nafasi ni kitu?

Baada ya chombo hiki kukamilika, swali la falsafa halikuweza kuepukwa. Ikiwa kila nukta ina majira yake, je, ulimwengu wenyewe una kitovu na mihimili ya kweli, au hivyo ni vitu vya kwenye karatasi tu?

Newton, katika kitabu chake kikuu cha mwaka 1687, alishikilia kwamba iko nafasi ya kweli, isiyotikisika, ambayo ingekuwepo hata kama hakuna kitu ndani yake. Ushahidi aliouleta ulikuwa wa ndoo ya maji. Ndoo ikizungushwa, maji hupanda pembeni na kubonyea katikati. Kupanda huko hakutokani na mwendo wa maji kwa kulinganishwa na ndoo, kwa sababu huendelea hata maji na ndoo vinapozunguka pamoja. Basi, kwa maoni ya Newton, maji yanazunguka kwa kulinganishwa na nafasi yenyewe.

Leibniz alipinga. Katika barua alizoandikiana na Samuel Clarke, mfuasi wa Newton, kati ya mwaka 1715 na 1716, alidai kwamba nafasi si chombo ambacho vitu vimetiwa, bali ni mpangilio wa vitu vilivyopo kwa pamoja. Na wakati ni mpangilio wa vitu vinavyofuatana. Aliuliza: kama Mungu angeusogeza ulimwengu mzima upande mmoja bila kubadilisha uhusiano wa vitu vilivyomo, ni tofauti gani ingepatikana? Kwa Leibniz jibu lilikuwa kwamba hapana tofauti yoyote, na jambo lisiloleta tofauti yoyote si jambo. Mauti yalimfika Novemba 1716 mjadala ukiwa haujafungwa. Hoja ya Leibniz kuhusu kusogeza ilikuwa na nguvu, na ndoo ya Newton kuhusu kuzunguka nayo ilikuwa na nguvu. Mmoja hakuweza kumnyamazisha mwenzake.

Kile kinachobaki

Njia ya kutoka ilianza kuonekana katika karne ya 19. Ilikuwa ni kuacha kuuliza kitovu cha kweli kiko wapi, na badala yake kuuliza ni kitu gani hakibadiliki kitovu kinapohamishwa. Mfano mdogo unatosha. Nukta (1, 2) na (4, 6) zina umbali wa 5 kati yake. Kitovu kikihamishiwa kwenye nukta ya kwanza, majira yanakuwa (0, 0) na (3, 4). Namba zote nne zimebadilika, lakini umbali ungali 5. Mihimili ikizungushwa kwa pembe yoyote, umbali hubaki 5 vilevile. Mwaka 1872 Felix Klein alilifanya jambo hili kuwa msingi: jometri, alisema, ni elimu ya sifa zinazobaki baada ya aina fulani ya mabadiliko.

Carl Friedrich Gauss alikuwa amekwisha kuonesha, mwaka 1827, kwamba mpindo wa uso unaweza kupimwa bila kutoka nje ya uso huo. Msafiri akiondoka kwenye ikweta karibu na Nanyuki, Kenya, akaenda moja kwa moja hadi ncha ya kaskazini, akageuka pembe mraba na kuteremka hadi ikweta kaskazini mwa Brazili, kisha akarudi kwa kuifuata ikweta, atakuwa amezunguka pembetatu yenye pembe mraba tatu. Jumla yake ni digrii 270, si 180. Kutokana na hilo tu angejua kwamba dunia si bapa, hata kama asingepaa angani kuitazama. Bernhard Riemann aliipanua fikra hiyo mwaka 1854 kwa nafasi za vipimo vingi.

Mwaka 1905 Albert Einstein alionesha kwamba watazamaji wawili wanaokwenda kwa mwendo tofauti hawakubaliani kuhusu urefu, wala kuhusu matukio gani yametokea kwa wakati mmoja. Wengi walielewa kwamba sasa kila kitu kinategemea mtazamaji. Hermann Minkowski, aliyewahi kumfundisha Einstein huko Zürich, aliona kinyume chake. Katika mhadhara alioutoa Köln Septemba 1908 alieleza kwamba wakati na nafasi, kila kimoja peke yake, hutegemea mtazamaji, lakini muungano wake hautegemei. Ukichukua mraba wa umbali ambao mwanga ungeusafiri katika muda uliopita kati ya matukio mawili, ukatoa mraba wa umbali ulio kati ya matukio hayo, jibu ni lile lile kwa watazamaji wote. Mwaka 1915 Einstein alikamilisha nadharia yake ya mvutano, ambamo sheria za maumbile huandikwa kwa namna isiyopendelea majira yoyote.

Nadharia hiyo si pambo la vitabuni. Kwa sababu ya mwendo wake na ya kuwa juu, saa zilizomo katika setilaiti za kuelekeza njia hutangulia saa za ardhini kwa takribani mikrosekunde 38 kila siku. Bila marekebisho, simu ya mkononi ingekosea mahali ilipo kwa kilomita nyingi katika siku moja.

Kitovu kinapochaguliwa mezani

Hisabati inaweza kuhamisha kitovu bila kumdhuru mtu. Siasa haiwezi. Oktoba 1884 wajumbe wa nchi 25 walikutana Washington kuchagua longitudo ya sifuri. Nchi 22 zilikubali Greenwich, moja ilipinga, na Ufaransa na Brazili hazikupiga kura. Sababu kubwa haikuwa ya unajimu. Meli nyingi za dunia zilikwisha kutumia ramani za Kiingereza. Ufaransa iliendelea na Paris hadi mwaka 1911. Leo hata Greenwich si Greenwich kamili, kwani sifuri inayotumiwa na setilaiti hupita takribani mita 102 mashariki mwa mstari unaopigwa picha na watalii.

Miaka miwili baada ya mkutano huo, mwaka 1886, Uingereza na Ujerumani zilikubaliana juu ya mipaka ya maeneo yao Afrika Mashariki. Mstari ulianzia mdomo wa mto Umba, ukazunguka Kilimanjaro, kisha ukaelekezwa hadi ufuko wa mashariki wa Ziwa Viktoria, mahali unapokatwa na digrii 1 kusini mwa ikweta. Mkataba wa mwaka 1890 uliuendeleza mstari huo kuvuka ziwa kwa kufuata digrii hiyo hiyo kuelekea magharibi. Waliouandika hawakuwa na ramani kamili ya nchi iliyokuwa upande wa pili wa ziwa. Walikuwa na namba, nayo ilitosha kwa mezani.

Mto Kagera haukuulizwa. Umepinda kusini mwa digrii hiyo, na kati ya mto na mstari kikabaki kipande cha ardhi kilicho Tanzania kwa mujibu wa mkataba. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia katika kipande hicho, na tarehe 1 Novemba akatangaza kwamba mpaka ni mto. Vita vilivyofuata viliua raia na askari wa nchi zote mbili, vikamalizika kwa kuanguka kwa utawala wake. Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili 1979. Mstari wa digrii 1 ungali mpaka. Nchi za Afrika zilikwisha kukubaliana mjini Cairo mwaka 1964 kuheshimu mipaka zilizoikuta wakati wa uhuru, kwa sababu kila kitovu kipya kingefungua ugomvi mpya. Huo ulikuwa uamuzi wa watu waliojua kwamba mstari ulichorwa kiholela, na waliojua pia kwamba vijiji vilivyo pande zake si vya kiholela.

Lugha na kitovu

Kiswahili kina mengi ya kusema kuhusu kitovu, kwa kuwa sarufi yake hulazimisha msemaji kukitaja. Hapa ni karibu na msemaji, hapo ni karibu na msikilizaji au palipokwisha tajwa, pale ni mbali na wote wawili. Ngeli ya mahali hutofautisha tena kati ya hapa palipo dhahiri, huku kusiko na mipaka, na humu mlimo ndani. Kiambishi -po- nacho hutumika kwa mahali na kwa wakati pia: aliposimama huweza kuwa pale mahali au ile saa. Alexis Kagame, mwanafalsafa wa Rwanda, alipoandika juu ya falsafa ya Kinyarwanda mwaka 1956, aliweka mahali na wakati katika kundi moja la ahantu.

Haifai kutoka hapo na kudai kwamba Wabantu walimtangulia Minkowski. Sarufi si fizikia. -Po- haina mlinganyo, na Minkowski hakuhitaji ngeli. Kinachoweza kudaiwa kwa haki ni kidogo zaidi, nacho kina faida. Mwanafunzi anayetumia hapa na pale bila kukosea tayari anajua kwamba neno lile lile hubadilika maana msemaji anapohama, ilhali mahali penyewe hapahami. Hiyo ndiyo hoja ya kwanza ya bapa la majira, na mwalimu anaweza kuanzia hapo.

Mjadala juu ya lugha ya kufundishia sayansi Afrika Mashariki umekuwa mrefu, na mara nyingi hudhaniwa ndani yake kwamba istilahi za Kiswahili ni za kubahatisha, na kwamba zile za lugha za Ulaya ziliumbwa kwa ajili ya hisabati. Historia iliyoelezwa hapa haiungi mkono dhana hiyo. Oresme alichukua maneno ya ramani, Leibniz akachukua ya kukata na kupanga, na Kiswahili kikachukua la rubani na la mjenzi. Katika kila lugha neno lilipata maana yake ya kitaalamu kwa kutumiwa mara nyingi na watu waliokuwa na tatizo la kutatua. Kinachokosekana kwa istilahi nyingi za Kiswahili ni matumizi hayo: vitabu, mitihani na mabishano ya darasani yanayozitumia hadi zikomae. Umbali kati ya nukta mbili ni 5 kwa Kilatini, kwa Kiarabu na kwa Kiswahili. Lugha ni mihimili ambayo jamii huchagua kupimia, na kazi ya chuo kikuu ni kuhakikisha kwamba mihimili hiyo inabeba mzigo.